Mbung'o Walivyojiunga na Chama

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina lake, lakini tangu nilipoambiwa kwamba kulitaja vibaya ni kosa na kulitaja vizuri kunahitaji kibali, nimeamua kulisahau. Mkipita huko mtaitambua kwa rangi. Kila kitu ni bluu. Kuta za shule ni za bluu, mabomba yasiyotoa maji ni ya bluu, na gari la wagonjwa lilipakwa bluu kwa moyo mmoja mpaka kwenye vioo. Lilipogonga mti siku ya kwanza, mti ulikamatwa.

Bluu ni rangi ya Chama cha Anga, ambacho ndicho kinachotawala. Kimetawala muda mrefu kiasi kwamba watoto shuleni, wakiulizwa vitu visivyotengenezwa na binadamu, hutaja milima, bahari na Chama. Salamu yake ni rahisi. Kiongozi anasema, "Anga!" na nyinyi mnaitikia, "Liko juu!" Ukichelewa kuitikia unaulizwa ulikuwa unafikiria nini, na kule kufikiri kabla ya kuitikia ndiyo dalili ya kwanza ya upinzani.

Upinzani nao upo, maana nchi ni ya kidemokrasia. Unaitwa Chama cha Jua, rangi yake ni njano, na unaruhusiwa kufanya mikutano ya hadhara siku yoyote ambayo mvua inanyesha.

Basi nchi iliyopendeza namna hiyo ilikuwa na tatizo moja tu. Lilikuwa dogo, lina mabawa, na lilikaa kwetu Bukingwa, kando ya Mto Sanungu. Tatizo lenyewe ni mbung'o.

*

Kwa wasiomjua: mbung'o ni inzi wa kahawia, mkubwa kuliko inzi wa chooni, na hana aibu. Anapenya shati, anapenya suruali, na anauma kama anadai. Akimuuma ng'ombe mara nyingi, ng'ombe anakonda akiwa katikati ya majani mabichi, kisha anaanguka. Akimuuma mtu, mtu anaweza kupata malale: anaanza na homa, anafuata na kichwa, mwishowe analala mchana kutwa ameshika kijiko cha uji mkononi.

Serikali ilichelewa kuugundua ugonjwa huo, na si kwa uzembe. Mgonjwa wa kwanza alikuwa afisa wa wilaya. Alikuwa akisinzia ofisini tangu ajira yake ianze, kwa hiyo hakuna aliyeona mabadiliko. Waligundua siku aliposinzia wakati anakabidhiwa zawadi. Hapo wenzake walishtuka wakasema, hapana, huyu anaumwa.

Kijijini kwetu aliyeumizwa zaidi alikuwa Nyamizi, tuliyezoea kumwita Mama Kabula. Mume wake, Shigela, alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa kwa malale, na madaktari walisema atapona lakini taratibu. Nyumbani walibaki yeye, watoto, na jozi ya maksai wa kulimia. Mmoja aliitwa Maendeleo, mwingine Subira.

Maendeleo akafa.

Tulikwenda kumpa pole, kijiji kizima, maana maksai wa kulima si ng'ombe, ni ndugu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Mashimba, alisimama zizini na kofia mkononi. "Ndiyo hivyo, Mama Kabula. Maendeleo ameshakufa, sisi tumebaki na Subira." Kisha akageuka haraka kuangalia nani alimsikia.

Shemeji yake Nyamizi alimshauri arudi kwao. Alimwambia wazi: Subira naye akienda, hutakuwa na plau, huna plau huna shamba, na huna shamba unabaki hapa kufanya nini? Wakati huo watu walikuwa wameanza kuhama, nyumba zinabaki na milango inagongagonga.

"Nikihama, shemeji," Nyamizi alimjibu, "siku Shigela akiamka akarudi, atanikuta wapi?"

Shemeji alibeba mizigo yake, akaondoka yeye.

*

Ndipo alipokuja Daktari Tabitha Lusungu.

Alitoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti Utakaotumika. Hiyo ni taasisi kubwa yenye jengo la ghorofa na rafu inayozunguka ghorofa zote. Utafiti ukikamilika hupelekwa rafuni ukangoje kutumika. Rafuni kuna dawa ya kuhifadhi mahindi yasioze, kuna jiko linalokula kuni kidogo, kuna namna ya kusafisha maji ya kisima kwa mbegu za mti unaoota katika kila ua. Kuna hata utafiti wa kuimarisha rafu, na huo ndio pekee uliowahi kutumika.

Daktari Tabitha alikuja kwa pikipiki akiwa amefunga majora ya vitambaa nyuma. Wanawake walimzunguka wakidhani ni mchuuzi.

"Dada, hicho chekundu unauzaje?"

"Siuzi, mama. Ni vya mbung'o."

"Heee! Siku hizi mbung'o wanashonewa?"

Alivitundika kando ya mto, vyeupe, vyekundu, vya kijani, vya njano, vya bluu, vyeusi, na vingine vya rangi mbilimbili. Halafu akaenda kwa Nyamizi.

"Mama Kabula, shikamoo. Nina ombi. Naomba mkojo."

"Marahaba. Wa nani?"

"Wa Subira."

Nyamizi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Mwanangu, mume wangu yuko hospitali, maksai wangu amekufa, na wewe umetoka mji mkuu kuja kuniomba mkojo?"

"Ukivunda unanukia vizuri."

"Kwa nani?"

"Kwa mbung'o."

Hapo Nyamizi alicheka kidogo, akampa ndoo. Daktari alieleza huku anakinga, na Subira wala hakuharakisha mambo. Alisema mbung'o anamtafuta mnyama kwa pua kwanza, kisha kwa macho. Pua yake inafuata harufu ya zizi. Jicho lake nalo limeumbwa hivi kwamba kitambaa cha bluu kikiwa na nyeusi pembeni anakiona kama ubavu wa mnyama aliyesimama kivulini. Anakuja mbio kula, kumbe kitambaa kimechovywa dawa, ileile ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Anatua, anashangaa, anakufa.

"Na hizi rangi nyingine za nini, kama jibu unalijua?"

"Kwingineko watafiti wameona hivyo. Mimi nataka kuona kama mbung'o wa Sanungu nao wako hivyo. Nisipopima nitakuwa nimebahatisha, na wewe huna maksai wa kubahatishia."

Hiyo Nyamizi aliielewa vizuri kuliko risala zote alizowahi kusikia.

Na mbung'o wakachagua. Vitambaa vyeupe walivipita. Vya njano walivikwepa kama vinawadai. Chini ya vile vya bluu na nyeusi walianguka mpaka kuku wakaacha kutembea, wakawa wanasubiri wameketi. Malisho yakatulia. Subira akaacha kupiga mkia, akaanza kunenepa, na siku moja nilimwona Nyamizi akipitisha mkono mgongoni mwake kama mtu anayekagua ukuta aliojenga mwenyewe.

Halafu Daktari akaanza kuvishusha vitambaa.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Majaribio yamefanikiwa, mama."

"Si ndiyo maana uviache?"

Daktari Tabitha aliona haya. "Ni kanuni za Taasisi. Majaribio yakifanikiwa yanasimamishwa, vitambaa vinapelekwa mji mkuu kama kielelezo, kamati inakaa, inaidhinisha, ndipo vinarudi."

"Na yangeshindwa?"

"Yangeshindwa yangeendelea, mpaka yafanikiwe."

Nyamizi alifikiri kidogo. "Kwa nini hukuniambia? Ningekusaidia yashindwe."

*

Yaliyotokea mji mkuu alitusimulia Daktari mwenyewe, nami sijaongeza kitu, isipokuwa pale nilipoona pamepungua.

Kamati iliongozwa na Waziri wa Utafiti, Ubunifu na Mengineyo, Mheshimiwa Profesa Injinia Bonaventura Kirumbuyo. Uprofesa alipewa na chuo kimoja baada ya kukifungulia geti. Uinjinia alijipa mwenyewe alipokuwa njiani. Pembeni yake aliketi Katibu Mwenezi wa Chama, Ndugu Hemedi Lipumbuko, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kutabasamu bila kupata maelekezo.

Daktari alieleza matokeo. Waziri alisikiliza amefumba macho, akayafumbua ghafla.

"Ngoja. Mbung'o uliwapa rangi zote?"

"Zote, Mheshimiwa."

"Na njano ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Bila kuwalazimisha? Bila kuwapa fulana wala chumvi?"

"Walikuwa huru kabisa."

"Na wakachagua bluu!"

"Bluu na nyeusi, Mheshimiwa. Kwa wingi mkubwa."

Waziri alisimama. Wajumbe wakasimama. Alitoa leso akafuta jicho moja, lile lililokuwa upande wa kamera. "Ndugu wajumbe, nimekuwa kwenye siasa tangu ujana, lakini sijawahi kushuhudia uchaguzi ulio huru na wa haki kama huu. Anga!"

"Liko juu!"

Jioni hiyo gazeti la serikali liliandika kwa herufi za kimo cha mtoto: MBUNG'O WAIKATAA NJANO, WAJIUNGA NA CHAMA. Ndani kulikuwa na mahojiano na mbung'o mmoja aliyeomba jina lake lihifadhiwe.

Ila kabla kikao hakijafungwa, Katibu Mwenezi aliinua kidole.

"Daktari. Wakishatua kwenye bluu, wanafanyaje?"

"Wanakufa, Ndugu."

Katibu aliivuta ripoti karibu yake.

"Wote?"

"Karibu wote. Ndiyo uzuri wake."

"Kwa hiyo unaandika, kwenye ripoti ya serikali, kwamba anayekikimbilia Chama anakufa?"

"Naandika habari za mbung'o."

"Mbung'o wa nchi gani?"

"Wa... nchi hii, Ndugu."

"Basi ni wananchi."

Waziri alikuwa bado amesimama. Akaketi taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Wajumbe waliokuwa wakipiga makofi waliiacha mikono hewani, wakajifanya wanaua mbu.

Uamuzi ulichukua muda mfupi. Vitambaa vya bluu vilipigwa marufuku kutundikwa popote na mtafiti yeyote. Badala yake vitumike vya njano, ili atakayekufa akafie kwa wenyewe.

"Lakini mbung'o hawaendi kwenye njano," Daktari aliwaambia. "Nimepima."

"Umewahi kuwaelimisha?" aliuliza Waziri.

"Mbung'o?"

"Daktari, tatizo lenu wasomi ni kudharau walengwa. Mnawapelekea teknolojia bila kuwashirikisha."

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Uhamasishaji wa Mbung'o. Ikatoa mabango yenye maandishi makubwa, yakabandikwa kwenye vichaka kwa urefu wa goti, ambako mbung'o hupita. Gari la matangazo lilipita kando ya Sanungu likisema: "Ndugu mbung'o, njano ndiyo rangi yenu. Tumia njano kwa maendeleo yako." Gari lenyewe lilikuwa la bluu, kwa hiyo wasikilizaji walilifuata kwa wingi na dereva hakuthubutu kushusha kioo.

Huku Bukingwa, vitambaa vilipokwisha kuondoka, mbung'o walirudi. Subira akaanza tena kupiga mkia, baadaye hata mkia akaacha kupiga. Mbavu zikaanza kujitokeza. Daktari Tabitha aliomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, akaja kwetu na sindano, akamchoma Subira.

"Atapona?" Nyamizi aliuliza.

"Atainuka. Lakini mama, nisikudanganye. Sindano inamtoa ugonjwa wa leo. Mbung'o watamrudishia kesho, na sindano zenyewe haziwezi kurudiwarudiwa bila mwisho. Mvua za kupandia zikikuta hali ni hii, hatavuta plau."

"Na shangazi yako?"

"Mzima. Anakusalimu."

*

Siku ya uzinduzi wa vitambaa vya njano, tuliambiwa tufagie kijiji, tufagie barabara, na tufagie kichaka. Mimi nilichaguliwa kusoma risala kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na sauti yangu inasikika hata kipaza sauti kikikatika, na kule hukatika kila palipo na neno "maji".

Wageni walikuja kwa msafara wa magari ya bluu iliyokolea. Kwa heshima ya siku hiyo, agizo lilitoka kwamba kila kiongozi avae sare kamili: shati la bluu, suruali nyeusi, kofia ya bluu yenye ukingo mweusi. Bendera ya Chama nayo, ambayo ni ya bluu yenye mstari mweusi wa kuwakumbuka mashujaa, ilipeperushwa mbele ya kila gari. Sisi wanakijiji tulivaa tulivyonavyo, yaani rangi ambayo zamani ilikuwa rangi fulani.

Kulikuwa na kikwazo kidogo cha itifaki. Kiongozi wa Chama haruhusiwi kugusa kitu cha njano. Ikabidi aletwe mwanachama mmoja wa Chama cha Jua kutoka mahabusu, avute utepe. Alikuja na fulana yake ya njano, pingu mkono mmoja, akakalishwa kwenye kiti chini ya kitambaa kilichokuwa kinazinduliwa. Akapewa soda ili asionekane ananyanyaswa.

Daktari Tabitha alimsogelea Waziri. "Mheshimiwa, nakuomba kitu kimoja. Vueni mashati."

"Unasemaje?"

"Mmevaa... mmevaa matokeo ya utafiti wangu."

Waziri alicheka akampiga bega kidogo. "Wasomi mna utani."

Nikasoma risala. Sikufika mbali. Nilipofika "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wananchi wa Bukingwa," nikasikia mvumo kutoka mtoni, kama mtu anayesaga mahindi mbali. Niliendelea kusoma, ila nikawa nasoma harakaharaka.

Wakaja. Sisi walitugusa mmoja mmoja kwa heshima tu, wakapita. Walikwenda moja kwa moja jukwaa kuu.

Waziri alikuwa ameanza hotuba, na kiongozi wa nchi ile haachi hotuba katikati, hata nyumba ikiungua humalizia kwanza kuwashukuru waliohudhuria.

"Utafiti, ndugu zangu, aa! ndiyo nguzo ya, mama yangu! ya uchumi wa kisasa, toka! Serikali yenu sikivu, aii! aii!"

Wananchi walidhani ni kibwagizo kipya. Wakaitikia, "Aii! Aii!" kwa furaha.

Mlinzi wake, kijana mwaminifu, aliona mbung'o ametua kwenye shavu la Waziri, akampiga. Mlinzi wa pili alimkamata wa kwanza kwa kumpiga kofi kiongozi. Wa tatu alipoona mbung'o kwenye shavu la pili alisimama akitafuta ni sheria gani itamlinda. Mkuu wa wilaya alipanda juu ya meza. Bendi ya Chama ilipiga wimbo hadi mpiga tarumbeta alipoumwa mdomo, ukageuka wimbo mwingine.

"Vueni mashati, jamani!" Daktari alipiga kelele.

"Nani avue?" Katibu Mwenezi alifoka, uso umevimba upande. "Nivue sare ya Chama mbele ya umma? Kwa ajili ya inzi?"

Hakuvua. Hakuna aliyevua, kwa sababu kila mmoja alimwangalia mwenzake aanze, ili aje kumtaja baadaye. Walikimbilia kwenye magari. Magari ni ya bluu, na gari la bluu linalokimbia, machoni pa mbung'o, ni nyati aliyenona. Msafara uliondoka na wanachama wapya wote nyuma yake.

Chini ya kitambaa cha njano, yule mfungwa alimaliza soda yake kwa utulivu, akauliza chupa inarudishwa wapi.

Runinga ya taifa ilitangaza kwamba uzinduzi ulifana, na kwamba wananchi na mbung'o walijitokeza kwa wingi.

*

Watu walipotawanyika, Nyamizi alikuwa ameketi chini akicheka, machozi yanatiririka. Nilifurahi, maana tangu Shigela alazwe sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Kisha nikaona kwamba nusu ya machozi hayakuwa ya kicheko.

"Daktari," alisema akijifuta, "si umeona mwenyewe? Dawa ipo. Tumeiona ikipita mbele yetu na suruali nyeusi."

"Nimeona, mama."

"Na wewe umekatazwa kutundika kitambaa cha bluu."

"Nimekatazwa kwa maandishi."

"Kitambaa."

"Ndiyo. Kitambaa cha bluu, na mtafiti."

"Na je," Nyamizi alisema polepole, "kikiwa ni bendera? Na mwenye kuitundika ni mimi?"

Daktari Tabitha aliokota bendera iliyodondoka kutoka kwenye gari mojawapo. Aliipima kwa mkono wake. Bluu yake, nyeusi yake. Akaanza kutabasamu kama mtu aliyepewa maabara mpya.

Bwana Mashimba, mwenyekiti, alikuna kichwa. "Mimi katika uongozi wangu nimeona watu waliokamatwa kwa kushusha bendera ya Chama. Aliyekamatwa kwa kuipandisha sijawahi kumwona."

"Lakini lazima zichovywe dawa, mwenyekiti," Daktari alisema.

"Bendera chafu ni kosa la jinai," alijibu Mashimba. "Tutazifua. Sabuni tunayotumia ni siri ya kila nyumba."

Siku chache baadaye alipiga simu wilayani, sauti ameilainisha.

"Anga! ... Ndugu, tunaomba bendera. ... Nyingi. Kila mti, kuanzia darajani mpaka malishoni. ... Hapana, hakuna tatizo. ... Kilichotupata? Mapenzi, Ndugu. Tangu siku ile ya uzinduzi tumejaa mapenzi, hatulali."

Bendera zilikuja lori zima, masalio ya kampeni. Tukazifua. Tukazitundika, kila moja na chupa ya mkojo wa Subira chini yake. Subira hakuwa na nguvu za kitu kingine, lakini hilo alilitoa kwa uzalendo.

Alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Akaridhika na wingi, ila akakunja uso.

"Mbona mmezitundika chini namna hii? Bendera inakaa magotini?"

"Ili watoto na wazee waweze kuibusu," alijibu Mashimba.

Mkaguzi aliguswa sana. Akainama abusu moja, Daktari akamvuta mkono kwa nguvu. "Samahani, Ndugu! Bado mbichi. Imefuliwa sasa hivi."

"Na harufu hii?"

"Ya jasho," alisema Nyamizi. "Tunakipenda kwa jasho."

*

Mvua za kupandia zilipoanza, Subira alivuta plau. Aliunganishwa na dume la kuazima kutoka kwa Mashimba, wakaenda mstari kwa mstari, si kwa kasi, lakini bila kuanguka. Mbung'o walikuwa wachache kiasi kwamba ukimwona mmoja unamwita mwenzako aje aangalie. Waliohama walianza kurudi, yule shemeji akiwa wa mbele, akidai kwamba alikuwa amekwenda kuwatafutia habari.

Na Shigela akaruhusiwa hospitali. Alishuka kwenye gari amekonda, macho yapo wazi kabisa, akatazama bendera zilizojaa bonde zima. Akamshika mke wake bega.

"Mama Kabula, nimelala miaka mingapi? Nani amechukua kijiji chetu?"

"Twende nyumbani ule," Nyamizi alimwambia. "Nitakueleza."

Mji mkuu nao ulikuwa umetoa ripoti yake. Ilisema mbung'o wa Bukingwa wametokomezwa kwa vitambaa vya njano na uhamasishaji shirikishi. Waziri Kirumbuyo alitunukiwa nishani, akawa Profesa Injinia Daktari. Vitambaa vya njano vikapelekwa wilaya ya jirani, Ishokela, ambako mbung'o ni wengi kuliko kwetu. Huko ng'ombe waliendelea kufa na watu waliendelea kusinzia, kwa mafanikio makubwa.

Kwa kuwa Bukingwa ilishakuwa kijiji cha mfano kwa mapenzi, runinga ya taifa ikatumwa. Katibu Mwenezi alikuja nayo, safari hii akiwa amevaa soksi hadi mikononi. Tuliogopa Nyamizi asije akakosea neno. Bwana Mashimba alimnong'oneza, "Sema tunakipenda tu, mama. Ukimtaja Daktari, anafukuzwa kazi, na bendera zitashushwa kesho."

"Na watu wa Ishokela?" Nyamizi alimuuliza. "Nao wana waume."

Mtangazaji akasogeza kipaza sauti. Nyamizi alikuwa shambani, mkono mmoja kwenye plau, Shigela amesimama nyuma yake akishika kamba ya maksai.

"Mama, taifa zima linakutazama. Nini siri ya Bukingwa kukipenda Chama namna hii?"

Nyamizi aliangalia kamera kama anaangalia mtu anayemfahamu. Akazungumza taratibu, neno moja baada ya jingine, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwanangu, sisi hatukuhadithiwa, tumeona kwa macho. Chama hiki ukikining'iniza mtini, usawa wa goti, ukakichovya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na chini yake ukaweka mkojo uliovunda, hakuna mnyonya damu atakayebaki katika nchi hii."

Katibu Mwenezi alitafakari kidogo, akaona kwamba sentensi ilianzia kwa "Chama" na kuishia kwa "nchi hii", akapiga makofi.

Na nasikia Ishokela jioni ile watu hawakusubiri taarifa iishe. Walizima runinga, wengine wakakimbia duka la dawa za mifugo, na wengine wakaenda ofisi ya Chama kupanga foleni, wakisema wamejaa mapenzi.